Karatasi Haikai Kwenye Mkeka

Nchelenge, 8 Machi 1998

Yaya Clotilde,

Dada yangu, pokea salamu za mdogo wako Roger, niliye mzima isipokuwa mgongo. Blanchard alifika jana na boti yake akanipa vitenge vyote, hakuna kilicholowa, na akaniambia paa la nyumba ya wazazi bado linasimama. Nimeshukuru. Huku marufuku ya uvuvi imekwisha wiki iliyopita, soko la Kashikishi limejaa tena samaki wadogo wa chisense pamoja na nzi wao, na mimi nauza vitenge katikati ya hao wote wawili. Sukari huko Kilwa bei gani siku hizi? Na magoti yako?

Sasa habari yenyewe. Nimeanza shule. Usicheke kwanza, ngoja nimalize. Ni shule ya watu wazima, saa za jioni, katika darasa la watoto wadogo, na sisi wenye ndevu tunakaa kwenye viti vinavyotufikisha magoti kidevuni. Mwalimu ni mzee Kangwa, karani wa mahakama aliyestaafu. Somo ni kuandika Kiingereza. Mimi niliyekuwa nikiandika habari za parokia kwa Kifaransa, na padri akizisoma bila kusahihisha, nilidhani nitamaliza somo hilo kwa wiki mbili na kuanza kuwafundisha wengine.

Mara ya kwanza tuliandika habari za siku zetu. Mzee Kangwa alisoma yangu mbele ya wote, akavua miwani. Akasema, "Ba Roger, sentensi zako ni kama abiria walioshuka botini. Kila moja imesimama na mzigo wake. Nani amekuja na nani?" Darasa lilicheka, nami nikacheka kuliko wote ili nisionekane ndiye ninayechekwa. Baadaye akatupa maneno ya kuunganisha. "However" ni la kugeukia, "therefore" ni la kufikia, "furthermore" ni la kuongeza mzigo juu ya mzigo. Nimeyapenda sana, yaya. Sisi kwa Kifaransa tunasema "donc" na "mais" kutwa nzima na mambo yanakwenda, lakini haya ya kwao yamevaa suti.

Hebu nijaribu hapa kwa Kiswahili, uone akili ya mdogo wako. Najifunza Kiingereza kwa ajili ya kuombea vibali vya samaki ofisini. Zaidi ya hayo, ugali wa bukari anaoupika Matildah pale sokoni ni laini. Hata hivyo, samaki wake wana chumvi nyingi. Kwa hiyo, nakula kwake kila siku.

Naona hiyo "kwa hiyo" haikukaa vizuri, lakini nimeshaiandika kwa wino.

Mdogo wako, mwanafunzi,
Roger


Kilwa ya Kongo, 2 Aprili 1998

Mudogo wangu Roger,

Nakusalimu kwa jina la Bwana na kwa jina la magoti yangu, ambayo yananiuma asubuhi na kunisahau mchana. Sukari imepanda. Mama mkwe wako, mama wa marehemu Bénie, amepona malaria na anauliza habari zako. Didier wangu bado yuko Lubumbashi kwa ule mwezi mmoja alioniomba miaka minne iliyopita, na mtu akiniuliza nasema mume wangu yuko safarini, kwa maana si uongo.

Barua yako nimeisoma. Mtu anayetaka kibali cha samaki hakai kwenye kiti cha mtoto, anampelekea karani samaki wawili wanono. Hilo walijua hata wazee wetu wasiokuwa na shule.

Huyo Matildah ana mume? Siulizi kwa sababu yoyote. Mimi niliishia darasa la sita na sijui kuunganisha. Lakini mtu anaposema samaki wana chumvi nyingi, na kwa hiyo anakwenda kuwala kila siku, hiyo "kwa hiyo" sisi huku tunaijua, na haikutoka Uingereza.

Bénie amelala mwaka wa tatu sasa. Nimesema tu.

Yaya yako,
Clotilde


Nchelenge, 17 Mei 1998

Yaya mpenzi,

Natumaini hamjambo nyote, na mama wa Bénie pia, mpe salamu za heshima. Mimi mzima, hata mgongo umeniachia. Blanchard ataleta chumvi mifuko miwili na kitambaa cha bluu cha kanisani, usikikate kabla sijakwambia.

Haya, umeshinda. Matildah hana mume. Waliachana mbele ya wazee zamani, mwanamume akaenda kwenye migodi na mambo yakaisha salama. Ana mabinti wawili na ulimi mkali. Nikimwambia samaki ana chumvi ananijibu, "Basi leteni sukari kutoka kwenu Kongo." Nilianza kwenda pale kwa njaa, siku hizi naenda hata nikiwa nimeshiba. Nataka kumwoa, yaya. Ndiyo maana ya shule.

Kwa watu wa huku mjomba ndiye mlango, na mjomba wake, mzee Kafula, anakaa Mwansabombwe. Desturi inataka mshenga aende kumsemea mwoaji, mtu mzima anayejua kukaa kwenye mkeka. Lakini mimi nilijiambia, mtu mwenye "furthermore" anahitaji mshenga wa nini? Nikafunga biashara siku mbili nikaandika mwenyewe, kwa Kiingereza, bila kumwonyesha mzee Kangwa, maana mwanafunzi bora haombi msaada. Niliweka maneno yote ya kuunganisha aliyotufundisha, hata moja sikuliacha nyumbani.

Kwa Kiswahili ingekuwa hivi. "Kwa kuwa mimi ni mgane mwenye biashara katika soko lililotajwa, na kwa kuwa mpwa wako Matildah, tangu mwaka jana, amekuwa akinipa chakula, zaidi ya hayo, kwa kuwa hali hiyo haiwezi kuendelea, kwa hiyo naomba jibu lako la maandishi ndani ya wiki mbili. La sivyo, nitalazimika kuchukua hatua nyingine." Huo mwisho niliuchukua kwenye barua za mfano alizotuandikia mwalimu ubaoni. Alisema ndivyo barua nzito inavyofungwa. Niliisoma kwa sauti nikiwa peke yangu na nywele zilinisimama kwa uzuri wake.

Halafu kuna jambo dogo. Siku ukipita kwa mama wa Bénie, muulize kuhusu ushanga. Unajua bila ule ushanga mweupe wa ukoo wa marehemu, unaomfungua mgane, hakuna mtu wa ziwa hili, upande wako au wangu, atakayenipa binti yake.

Anayengoja jibu la maandishi,
Roger


Kilwa ya Kongo, 14 Juni 1998

Mudogo wangu,

Salamu nyingi. Chumvi imefika, kitambaa kimefika, nimekikata. Upepo uliezua bati mbili upande wa jikoni na fundi amezirudisha kwa misumari ya zamani. Tumepata padri mpya, kijana mwembamba, anahubiri haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Kuku mwekundu ametotoa. Blanchard anasema ziwa lina mawimbi siku hizi, na mimi namwambia lini halikuwa nayo. Magoti yako vilevile.

Ile barua yako kwa mjomba mtu sikuielewa vizuri. Mwishoni ulikuwa unaomba au unadai?

Lile jambo dogo nitaliangalia nikipata nafasi. Karatasi yangu imefika mwisho.

Clotilde


Nchelenge, 12 Julai 1998

Yaya,

Nakusalimu kwa sauti ndogo. Sisi wazima, yaani mimi nakula na kulala. Padri wenu mwembamba aniombee.

Walikuja. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, nimetandika vitenge vyangu, gari likasimama wakashuka mzee Kafula na suti yake, mkuu wa kijiji chao, wanaume wawili ambao baadaye nilielewa kuwa ni mashahidi, na shangazi mzee mwenye kuku kwapani. Barua yangu ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki. Nikafurahi. Nikadhani ukoo mzima umekuja kunipongeza kwa Kiingereza changu.

Mzee Kafula alikaa, akasafisha koo, akaniambia kwa Kiswahili cha sokoni, "Bwana Roger, mukwai, tumekuja bote. Mutoto wetu alikukosea nini?"

Yaya, huku barua ya Kiingereza yenye "therefore" haiji nyumbani kwa mtu ila imetoka mahakamani. Walipoipata waliitana. Walimpeleka Matildah Mwansabombwe, wakamkalisha katikati, wakamwuliza siku tatu alichukua nini kwa yule Mkongomani, na amempa chakula gani kilichomdhuru. Maskini alikumbuka beseni. Ni kweli niliwahi kumwazima beseni, nami nilikuwa nimelisahau. Kwa hiyo walikuwa wamenunua beseni jipya, lilikuwa garini, pamoja na yule kuku, ili tuyamalize nje ya mahakama.

Nikasema, "Hapana, mzee. Miye nataka kumuoa."

Mkuu wa kijiji akaitoa barua kwenye mfuko akaisoma upya. Shangazi akamgeukia kuku wake, kisha mimi. Aliuliza, "Na ile ya mwisho, hatua ingine, ni hatua gani?" Nikamjibu ukweli kwamba sijui, niliikuta ubaoni.

Mzee Kafula hakunitukana, na ingekuwa afadhali angenitukana. Alisema, "Mutu akitaka muke anatuma mutu. Anatuma shibukombe, ule mushenga. Karatasi haikai kwenye mkeka. Karatasi ukiiuliza neno, inarudia lile lile." Kisha akaniuliza, "Na batu ba muke wako mwenye alikufa, balikufungua?" Nikatazama mkono wangu usio na kitu. Wakainuka. Kuku akarudi garini kwenye beseni lake.

Kesho yake nilikwenda kula. Matildah aliniwekea bukari bila samaki, akasema, "Ba Roger, siku tatu banamiuliza niliiba nini kwako. Si ungesema na mudomo?" Akaenda kuosha vyombo. Niliona aibu mpaka masikioni. Mzee Kangwa nilipomsimulia alicheka hadi akafuta machozi, kisha akasema kwa muundo peke yake ningepata alama nzuri.

Nampenda, yaya. Ninaandika hivyo bila neno lolote mbele yake wala nyuma. Mlango haukufungwa kabisa. Mzee amesema nikileta mtu na ushanga, watatandika mkeka. Nimekuuliza mara moja ukanijibu kuku ametotoa. Sasa nakuuliza tena. Ulikwenda kwa mama wa Bénie?

Roger


Kilwa ya Kongo, 4 Oktoba 1998

Mudogo wangu Roger,

Tuko hai, ndiyo salamu ya siku hizi. Barua yako ya Julai nimeipata Septemba. Tangu vita vilipoanza tena huko kaskazini wanajeshi wanafunga bandari na kuifungua wanavyotaka, na Blanchard alikaa wiki nyingi na boti yake kavu na barua yako ndani ya kofia. Niliposoma habari ya beseni nilicheka peke yangu mpaka jirani akaja kuangalia kama nalia. Nikicheka nikaona kwamba kweli nalia.

Uliuliza. Sikwenda. Nyumba ya mama wa Bénie iko nyuma ya kanisa, naiona nikifagia, na tangu barua yako ya Mei nimekuwa nikizungukia barabara ya soko ili nisipite mlangoni kwake. Nilijiambia ni magoti. Sababu ni hii. Ukifunguliwa utaoa, ukioa huko hutarudi, na mimi nitabaki hapa na paa na bunduki za watu. Nimeogopa, Roger. Wewe ulinificha Matildah nyuma ya vibali vya samaki, mimi nikajificha nyuma ya kuku. Baba alisema tutafanana tukizeeka.

Jumapili iliyopita nilikwenda. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, hayo ya kuzunguka. Mama hakuyangoja. Alisema, "Miye nilikuwa nangojea tu mutu aulize. Ushanga uko mu kikopo toka ule mwaka. Roger alimuchunga mutoto wangu muzuri. Ju ya nini mulinyamaza?" Akaingia ndani akautoa, akaupaka unga, akaniwekea mkononi nikufunge mimi kwa niaba yake, kwa kuwa yeye hapandi tena boti. Tulilia wote wawili, naye akanipa bukari nikala.

Blanchard anasema bandari itafunguliwa karibu. Nitakuja naye. Sasa sikiliza vizuri. Usiandike kitu. Usimwandikie mjomba, usimwandikie shangazi, usiandike hata ubaoni. Siku ya kikao usifungue mdomo wako. Nitasema mimi, mwanamke aliyeshindwa kuuliza swali moja kwa miezi minne. Ndiye mshenga uliyempata.

Yaya yako,
Clotilde


Nchelenge, 22 Novemba 1998

Yaya Clotilde,

Nashukuru Mungu mlivuka salama kurudi Kilwa, Blanchard ameniambia mawimbi yaliwalowesha lakini ulikuwa ukiimba. Sisi wote wazima. Shangazi mzee anakusalimia, anasema umemshinda kwa kula. Ushanga uko mkononi mwangu na watu wa sokoni wanauona wananiheshimu kuliko walivyoheshimu Kiingereza changu.

Kunyamaza siku ile ya kikao kulinitesa. Kila ulipotua kupumua nilikuwa na "furthermore" iliyokaa tayari kwenye ulimi, na kila mara ulinikanyaga mguu chini ya kitenge. Lakini ulipowaambia kwamba nakoroma, na kwamba ni mbishi, na kwamba nilimpikia Bénie uji kwa mikono yangu miezi yote ya ugonjwa wake, sikujua niangalie wapi. Sikujua kwamba ulikuwa ukiona. Nilipoinua macho Matildah alikuwa akinitazama, na hakuwa akitazama mtu aliyemshtaki.

Jibu limekuja jana. Shangazi amerudisha sahani yetu ya posa na kitambaa chake cheupe, na pesa uliyoifunika ndani haipo, wameipokea. Wamekubali, yaya. Nimeshika ile sahani tupu muda mrefu kama mjinga, mpaka Matildah akaninyang'anya akaenda kupakulia watu.

Lakini kuna sharti. Mzee Kafula amesema, na ninakuandikia kama alivyosema, "Yule mama njo shibukombe ya hii ndoa. Sasa shibukombe anakaaje ng'ambo ya mayi? Siku banagombana, tutamuita na nini? Arudi huku, akae karibu, ndipo harusi." Nilimwambia mvuvi Fanwell, jirani yangu, mtu mzima na mkristo, anaweza kushika nafasi yako. Akakataa. Amesema Fanwell hakusema kitu kwenye mkeka. Wanamtaka aliyesema. Shangazi ana nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kwake, imefagiliwa tayari, na Matildah amepeleka kitanda bila kuniuliza.

Usidhani nakuomba kwa sababu ya mjomba tu. Kila asubuhi nawasha redio kabla ya kunawa uso, na nikisikia wanataja miji ya karibu nanyi siwezi kupima kitenge sawasawa. Mama wa Bénie akikubali, mlete naye. Na usipokuja sitaoa, kwa kuwa mjomba hatakubali, na kwa kuwa mimi pia sitaki kucheza harusi huku natazama maji.

Nakungoja,
Roger


Kilwa ya Kongo, 1 Desemba 1998

Mudogo wangu,

Salamu kwako na kwa mke wako wa kesho na kwa shangazi. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na sijakaa tangu hapo.

Mama wa Bénie hataki kuvuka, anasema amezikwa hapa nusu yake. Nimempa ufunguo wa nyumba ya wazazi. Wajukuu zake wanafika kutoka kaskazini na vifurushi vichwani, watalala humo, paa litakuwa na watu chini yake. Didier akirudi ataambiwa mke wake yuko safarini. Nilipofunga sufuria zangu nilidhani nitalia, nikalia, nikaendelea kufunga. Blanchard anasema Alhamisi, wanajeshi wakipenda.

Neno moja tu, mulishike wote wawili. Katika maisha yangu sijapata kuwa na kazi ambayo watu walikataa kumpa mtu mwingine. Mkianza kukaa pamoja, basi mgombane kidogo kidogo, hata kwa chumvi ya samaki, shangazi asije akasema nimevuka ziwa zima kuja kula bukari ya bure.

Yaya yako,
Clotilde